Jina Lililosomwa Pamoja na Marehemu

Mwezi wa Juni mwaka 2025 nalipanda gari la abiria hapa Tukuyu, ninapofundisha, nikaenda Sumbawanga nilikozaliwa. Wenzangu niliosoma nao katika shule ya misheni walikuwa wameniletea habari kwa simu ya kwamba tukutane, maana ilikuwa imetimia miaka 20 tangu darasa letu limalize kidato cha nne mwaka 2005. Kila mtu alitakiwa kutoa shilingi elfu hamsini kwa ajili ya chakula na fulana. Fedha nalilipa mapema. Lakini kwa habari ya kwenda mwenyewe, moyo wangu ulisitasita hata usiku wa kuamkia safari, na sababu yake nitaieleza.

Siku za usomi wetu, njia ya kutoka Tunduma kwenda kwetu ilikuwa adhabu. Wakati wa masika lori lilizama matopeni, nasi tukalala juu ya magunia ya watu. Sasa ni lami yote, kilometa zipatazo 220, iliyojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani. Nalipita Laela, nikapita Mpui, nikitazama mashamba yenye ntumba, vile vichuguu vya udongo ambavyo Mfipa hufukia majani ndani yake yaoze. Juu yake hupanda maharage, na msimu wa pili hukitawanya kichuguu akapanda ulezi au mahindi. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Rungwe na alikuwa hajapata kuviona, aliniuliza kama ni makaburi. Nalicheka, lakini neno lile halikunitoka.

Wazee husema ya kuwa jina la mji wetu ni maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na uwanga, yaani uchawi. Tupa uchawi. Mtu wa kwetu akienda mbali hutaniwa kwa jina hilo, watu wakijifanya kumwogopa, naye huzoea akacheka pamoja nao. Mimi pia nacheka. Lakini bibi yangu hakuwa akicheka, maana aliwaona kwa macho yake wale vijana walioitwa Kamchape, ambao katika miaka ya 1960 walizunguka vijiji vya Ufipa wakiwaamuru watu watoe pembe na dawa zao, wapate kutakaswa. Roy Willis, mtaalamu Mwingereza aliyekaa Ufipa siku zile, aliandika habari zao mwaka 1968. Bibi aliniambia ya kwamba walioshikwa walikuwa wazee, na walioshika walikuwa vijana wa umri wangu.

Basi, mwaka ule wa 2005, mwezi wa Machi, radi ilipiga karibu na bweni letu wakati wa jioni. Ilipasua mkaratusi uliokuwa umesimama pembeni, ikaruka kwenye bati, na mwenzetu mmoja aliyekuwa ameegemea dirisha la chuma akaungua mkono. Hakufa, Mungu akisifiwa. Lakini jana yake alikuwa amegombana na mvulana mmoja kwa ajili ya blanketi. Mvulana huyo alikuwa mdogo wa mwili, mnyamavu, aliyelelewa na bibi yake nyuma ya milima ya Mbizi. Kabla ya saa ya kulala, bweni zima lilikwisha kujua ni nani aliyeituma radi.

Mimi nalikuwa kiranja wa bweni. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametufundisha ya kwamba radi ni umeme wa mawinguni, jambo lililojulikana tangu karne ya 18, siku za Benjamin Franklin wa Marekani. Na ya kwamba hupenda kukipiga kitu kirefu kilichosimama mahali palipoinuka. Bweni letu lilikuwa juu ya kilima, na mkaratusi ule ulikuwa mrefu kuliko yote. Haya nalijua. Katika mtihani wa majaribio nalikuwa nimepata maksi 81. Lakini wenzangu walipopiga kelele ya kwamba sanduku lake lipekuliwe, ni mimi niliyelifungua. Chini ya nguo nikakuta kitambaa kilichofungwa, na ndani yake mzizi mfupi mweusi. Nikauinua juu ili wote wauone.

Alisema ya kuwa ni dawa ya tumbo aliyopewa na bibi yake. Hapana aliyemsikiliza. Mwalimu wa zamu alikuja akatufokea, akasema ni upuuzi, akarudi nyumbani kwake. Tangu usiku ule hapana mtu aliyekubali kulala karibu na mvulana yule, wala kula naye sahani moja, nami sikumwamuru mtu yeyote. Akahamisha godoro lake akalala katika stoo ya majembe. Juma la tatu tukaamka, hayuko. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki miezi kadhaa. Mimi nalifaulu, nikaenda mbele, nikawa mwalimu. Na somo ninalofundisha ni fizikia. Kila mwaka nafika kwenye habari za radi. Kosa langu nalikwisha kuliungama kwa Padre zamani sana. Kwa yeye niliyemkosa sikwenda hata siku moja.

Mkutano wetu ulikuwa wa furaha, sikatai. Kati ya watu 43 walikuja 26. Waliokuwa wembamba wamenenepa, na aliyekuwa akiiba sukari ya shule sasa ni mhasibu, jambo lililotuchekesha sana. Baridi ilikuwa kali, maana mji wetu uko juu, meta zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, nasi tulizivaa zile fulana juu ya makoti. Tukala wali na kuku na maharage. Kisha katibu akasimama, akatuomba tunyamaze kidogo kuwakumbuka wenzetu waliotutangulia, akasoma majina matano kwenye karatasi.

Jina la nne lilikuwa la mvulana yule.

Tuliinamisha vichwa. Nami naliinamisha, na, wasomaji wapenzi, nitasema kweli: nalisikia mzigo ukinishuka. Nikawaza, basi, amekufa, jambo limekwisha. Ndipo mwenzetu mmoja mwenye duka la nafaka sokoni akasema kwa sauti ya chini, “Huyo hakufa. Juma lililopita aliniuzia maharage.” Watu wakacheka. Katibu naye akacheka, akasema ya kwamba alidhani hivyo kwa kuwa hakusikia habari zake kwa muda mrefu, akaendelea na jina la tano. Mke wangu alinitazama akaniuliza kama naumwa.

Asubuhi nalimwuliza yule mwenye duka njia, nikapanda pikipiki peke yangu. Tulikwenda muda wa saa moja na nusu, kwanza kandokando ya msitu wa Mbizi, kisha kwa njia ya ng'ombe. Nalimkuta uani mwake, akipura maharage kwa fimbo juu ya turubali, pamoja na binti yake wa miaka kumi hivi. Alisimama, akanitazama kwa muda, akafuta mikono.

“Karibu, Kiranja,” akasema.

Hakulisema kwa ukali. Nadhani ndilo jina alilokuwa nalo kwangu, wala halikupata sababu ya kubadilika. Alimtuma binti alete kiti, nikakaa. Tukaulizana habari za njia, za mvua, za watoto. Bei ya maharage tuliizungumza kwa kirefu. Mwisho naliona ya kwamba nitaondoka bila kusema, nikasema. Nalimwambia ya kuwa nalijua tangu usiku ule ya kwamba radi ile haikutumwa na mtu, na bado nalifungua sanduku lake. Na ya kwamba nimekuja kumwomba radhi. Nalikuwa nimeyapanga maneno mengi mazuri kuliko hayo, lakini yalinipotea.

Akanyamaza, akiokota maharage yaliyorukia nje ya turubali. Kisha akaniuliza, “Ule mzizi uliutupa wapi?”

Nikamwambia, chooni.

“Bibi aliniuliza mara nyingi,” akasema. “Nilipofika nyumbani alidhani kwamba dawa yake ndiyo iliyoniharibia shule. Nalimwambia hapana, hakukubali. Aliacha kuwapa watu dawa, hata watoto wa jirani wenye homa. Alikufa mwezi wa Septemba mwaka ule ule, na neno lile moyoni. Kama ungalikuja yeye akiwa hai, maneno haya ungalimwambia yeye. Mimi nalijua ya kwamba sikutuma radi.”

Sikuwa na jibu. Naliuliza kaburi liko wapi, akanyosha mkono kuelekea kwenye miti, lakini hakusimama kunipeleka, nami sikuthubutu kumwomba.

Nalimweleza habari ya karatasi ya katibu, maana naliona ni afadhali aisikie kwangu kuliko sokoni. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza, akamwita mkewe aliyekuwa jikoni aje asikie ya kuwa ameolewa na maiti. Kisha akasema kwa utaratibu ya kwamba angependa jina lake liondolewe kwenye orodha ile. Nikampigia katibu simu pale pale. Katibu akauliza, basi amwandike wapi, kwa kuwa katika waliomaliza hayumo? Nalimgeukia mwenyewe nikamwuliza.

“Aandike jina tu,” akasema. “Hakuna haja ya kuandika neno jingine mbele yake.”

Binti yake alikuwa amekaa kizingitini akitusikiliza. Naliuliza anasoma darasa la ngapi, nikaambiwa la nne. Nalikuwa karibu kuahidi jambo, karo au vitabu, lakini naliona uso wa baba yake, nikanyamaza.

Saa ya kuondoka naliomba aniuzie maharage debe mbili. Aliyapima vizuri, akayashindilia, akayafunga katika mfuko akausaidia kuukaza nyuma ya pikipiki. Nalimpa noti zilizozidi kidogo. Alizihesabu mbele yangu, akaingia ndani, akatoka na chenji yangu yote.