Butimba: Maneno ya biashara yanapogoma kutoka

Anayetoka katikati ya Jiji la Mwanza kwa barabara ya kwenda Shinyanga hupita Igogo na Mkuyuni kabla ya kufika Butimba. Kwa Watanzania wengi jina hilo ni la gereza. Kwa walimu ni la chuo. Kwa wakazi wa jiji, siku hizi ni pia la mtambo wa maji uliojengwa kando ya ziwa, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku.

Kwa familia zinazoishi kwa biashara ndogo, ziwa hilohilo ndilo ada ya shule. Ndiyo maana kuna shida moja inayowasumbua wazazi wengi ambayo mpita njia haioni. Saa nne usiku watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, mama anashika simu amwandikie mwenye duka au mpishi wa shule kuhusu dagaa wake. Anaandika "Habari wateja wetu wapendwa", anafuta. Anaanza upya, anafuta tena. Nusu saa inapita, tangazo halijatoka, na magunia yako palepale.

Wapo wanaojifariji kwamba kizuri chajiuza. Lakini mwenye duka wa Kahama au Tabora hawezi kununua mzigo asioujua.

Mama huyohuyo akiwa sokoni hakosi neno. Mteja akiuliza kama dagaa wana mchanga, anachota kiganjani na kumwonyesha. Maneno hugoma pale anapoacha sauti yake na kuazima lugha ya ofisini, tena kichwa kikiwa kimechoka. Aliyeshinda juani hahitaji kujilaumu kwa kukwama usiku. Alale, aandike asubuhi akili ikiwa imepumzika.

Dawa nyingine iko hapohapo Butimba. Katika Chuo cha Ualimu, kama vyuo vingine vya aina hiyo, mwalimu mtarajiwa hafundishwi kuingia darasani na kuanza kuongea tu. Huandaa kwanza andalio la somo: wanafunzi ni nani, na kipindi kikiisha waweze kufanya nini. Mfanyabiashara naye anaweza kujiuliza hayo kabla ya kushika simu. Anayesoma ni nani? Akimaliza kusoma, afanye nini?

Mwenye duka hasomi ili aburudike. Anataka kujua mzigo ni upi, ni kiasi gani, bei yake, na utamfikia lini. Tangazo likijibu hayo limekwisha: "Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, wameanikwa kwenye vichanja, hawana mchanga. Yapo magunia sita. Mzigo unaondoka stendi ya Nyegezi Ijumaa asubuhi." Ibaki bei na namba ya simu.

Anayesema hana jipya la kuandika aangalie angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Kumjulisha mwenye duka mapema kwamba wiki ijayo mzigo utapungua ni ujumbe wenye thamani kwake kuliko salamu kumi za mapambo. Mvua nazo huchelewesha kukausha. Hilo pia ni la kuandika.

Hatari ni pale aliyekwama anapojaza nafasi kwa chumvi. Matangazo yanayodai kwamba dagaa wanatibu kisukari au presha yanaweza kumfanya mgonjwa aache dawa alizopewa hospitalini. Ukweli wenyewe unatosha: dagaa wana protini, na kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa, huupa mwili kalsiamu. Mpishi wa shule anaweza kununua kwa hilo bila kudanganywa.

Kabla ya kutuma, mzazi amsomee mtoto wake wa darasa la sita kwa sauti. Mtoto akiuliza "Maana yake nini?", sentensi hiyo irekebishwe. Akiuliza "Kwani gunia ni shilingi ngapi?", bei imesahaulika. Asipouliza kitu, tangazo liko tayari kwenda kwa mwenye duka.