Usione Haya kwa Pua Yako

Mwanangu Rehema,

Huku Tanga bibi yako anaulizia goti lako asubuhi na jioni.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema wamekupima puani kabla ya kukupasua goti wakakuta bakteria wa stafilokokasi, nawe ukaona haya kama mtu asiyeoga. Katika watu watatu, karibu mmoja anaye mdudu huyo, na madaktari na wauguzi wamo. Hukaa mlangoni mwa pua, panapoota nywele, amenata kwenye seli kavu za ngozi kwa protini yake maalumu; ndiyo maana kupenga kamasi hakumng'oi. Hawashi, hanuki, wala haleti mafua.

Ubaya huanza ngozi inapofunguka. Kidole hutoka puani kikakuna goti, kisha goti hilo likapasuliwa. Wodini nilikofanya kazi tulizoea kushuku sakafu na mashuka. Basi mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo yao: walilinganisha stafilokokasi wa kwenye damu ya wagonjwa na wale wa puani mwao, na kwa zaidi ya wagonjwa 8 katika 10 wakawakuta ni ukoo mmoja. Mgonjwa alikuwa amekuja naye kutoka nyumbani!

Kwa hiyo, marhamu hiyo waliyokupa si ya kuweka kabatini. Uholanzi, katika utafiti wa 2010, wagonjwa wenye mdudu huyu walipaka mupirosini puani mara mbili kwa siku na kuoga kwa sabuni ya klorheksidini, siku 5. Kati yao walioambukizwa stafilokokasi hospitalini walikuwa asilimia 3.4; kati ya waliopewa dawa bandia, asilimia 7.7. Paka matundu yote mawili, halafu binya pua ili dawa ienee.

Siku zikiisha, acha. Wengi hurudiwa naye baada ya wiki au miezi, na kumfukuza kila mara kwa dawa ileile kunamfundisha usugu. Halafu pua haikai tupu: mwaka 2016 Wajerumani wa Tübingen waligundua bakteria mwingine wa puani anayetengeneza dawa yake mwenyewe ya kumuua huyu wetu. Mimi habari hiyo ilinichekesha sana, majirani kugombania chumba cha uani.

Marhamu ikibaki, usimpe mdogo wako apake chunusi zake, namjua yule. Tarehe ya upasuaji ikipangwa niambie mapema, nikate tiketi ya basi.

Shangazi yako