Sauti Niliyoweza Kuibeba

Zamani nilipoingia katika kazi ya muziki, mwishoni mwa miaka ya sabini, mpiga gitaa wa Mombasa alimiliki vidole vyake na, kama riziki yake ilikuwa pana, gitaa lake. Lakini amplifaya, ambayo bila yake gitaa la umeme halisikiki hata na aliyekaa kiti cha pili, ilikuwa mali ya hoteli au ya mwenye bendi, na mwenye mali hiyo ndiye aliyekuwa na amri ya kusema nani atasikika, wapi, na mpaka saa ngapi. Mpigaji aliyehitilafiana na mwenye vyombo aliondoka na gitaa lake begani, akakaa kimya mpaka ampate mwenye vyombo mwingine wa kumkubali. Nayatanguliza haya kwa sababu watu wanapojadiliana juu ya amplifaya za valvu na za transista aghalabu huyaita masikio peke yake kutoa ushahidi, nami, katika umri wote nilioutumia katika kazi hii, nimeona kwamba mabega, kivuko na miliki vina haki ya kusikilizwa pia.

Amplifaya ya kwanza niliyoizoea ilikuwa ya hoteli moja ya pwani ya kusini: Fender Twin Reverb iliyotoka Marekani, ya namna iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, yenye wati 85, spika mbili za inchi 12, valvu nne kubwa za 6L6 zilizopangwa nyuma pamoja na wadogo zao, na uzito unaokaribia kilo 30. Sitaki kuipunja sifa yake. Ilipowashwa ilihitaji muda ipate moto, na katika muda huo valvu zilianza kung'ara kwa wekundu wa makaa; na sauti ilipokuja ilikuja imejaa, laini pembezoni na yenye nguvu katikati, hata noti moja ya solo iliyopigwa pole pole ilienea ukumbi mzima ikafika ufukweni, wala isimuudhi mgeni aliyekuwa akila chakula chake karibu na jukwaa. Mwangwi wake, uliotokana na springi zilizofichwa chini ya sanduku, ulizifanya nyuzi nyembamba zisikike kama zinapigwa ndani ya jengo kubwa la mawe. Usiku wa manane, kazi ilipokwisha, tuliishika watu wawili, mmoja huku na mmoja huku, tukaipeleka ghalani na kuifungia. Maana chombo kile kilihesabiwa pamoja na samani za hoteli, na nje ya lango la hoteli hakikupata kutoka.

Uzito ule ulikuwa na sababu zake. Valvu, uvumbuzi ulioanzia London kwa John Ambrose Fleming mwaka 1904 na kuendelezwa na Lee de Forest wa Marekani katika miaka iliyofuata, ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo ndani yake kipande cha chuma hupashwa moto mpaka umeme uruke kutoka kwacho kwenda kingine. Hutaka volti nyingi, mia nne na zaidi katika amplifaya kubwa, ilhali spika hutaka volti chache na mkondo mwingi; kwa hiyo hapana budi pawe na transfoma mbili, moja ya kupandisha umeme wa ukutani na nyingine ya kuzipatanisha valvu na spika, na kila moja ni bonge la chuma lililozungushiwa waya wa shaba. Juu ya hayo huja sumaku za spika, na juu ya sumaku huja sanduku la mbao lenye uimara wa kuyahimili yote. Hewa yetu ya chumvi nayo ilikuwa na sehemu yake katika taabu hiyo: miguu ya valvu ilishika kutu katika matundu yake, sauti ikaanza kukwaruza, na fundi wa redio aliitwa aje kuisugua.

Transista, iliyozaliwa katika maabara ya Bell huko New Jersey mwezi wa Desemba mwaka 1947, na ambayo wavumbuzi wake, Bardeen, Brattain na Shockley, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1956, haikuhitaji moto, wala chupa, wala ile transfoma ya pili. Walakini ilipoingizwa katika amplifaya za gitaa ilipata sifa mbaya, na kwa insafu sifa hiyo iliistahili. Fender wenyewe walitoa amplifaya za transista mwaka 1966, nazo hazikudumu sokoni. Valvu ikizidiwa nguvu huuviringisha mgongo wa wimbi la sauti, na sikio huupokea ule uharibifu kuwa ni utamu. Transista za siku zile zilipozidiwa ziliukata mgongo huo ghafla, kama panga likatavyo bua la muhindi, na lililobaki lilikuwa ni ukali mtupu. Nazikumbuka zilizotufikia Mombasa: nyembamba za sauti, zenye kuvuma hata gitaa likiwa limelazwa, na zenye kufa bila ya ilani katika joto la mwezi wa Februari. Wazee waliotufundisha kazi walizidharau, na dharau ile tuliipokea kutoka kwao pamoja na mafunzo mengine, tukaichukua kuwa ni ilimu.

Iliyonifungua masikio ilikuwa Roland JC-120, ya Kijapani, iliyotoka mwaka 1975, ambayo niliisikia baadaye katika hoteli ya upande wa kaskazini, ikipigwa na mtu aliyekuwa na mkono mwepesi. Ilikuwa na vikuzio viwili vya wati 60 kila kimoja, spika mbili, na maarifa ya kuichelewesha na kuitikisa kidogo sauti ya spika moja huku nyingine ikiachwa ilivyo, hata gitaa moja likasikika kama mawili yanayopishana hewani. Nilisimama nikasikiliza zamu nzima, na nilichokisikia hakikuwa upungufu.

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Sifa ya valvu inayotajwa katika majarida ya Ulaya na Marekani ni sifa ya valvu iliyozidiwa: mpiga roki huisukuma amplifaya yake mpaka ilie, na kilio hicho ndicho anachokitafuta. Muziki wetu wa dansi haukujengwa hivyo. Katika bendi zetu, kama katika zile za Kongo zilizotufunza mengi, magitaa matatu husimama pamoja, solo, ya pili na rithimu, na besi chini yao; kila moja hupiga kipande chake kifupi na kukirudia, na uzuri wote umo katika kupishana kwa vipande hivyo, hata msikilizaji akaweza kuufuata uzi mmoja katika mkeka mzima. Sauti iliyoviringika na kunenepa huziba mapengo yale. Mawili yakinenepa, la tatu limezikwa. Tunachohitaji ni sauti safi inayobaki safi hata ikipandishwa, na hiyo ndiyo kazi ambayo transista iliyotengenezwa vyema huifanya bila kuchoka. Wala si sisi peke yetu tulioliona hilo. B.B. King, ambaye hapana atakayemwambia hajui utamu wa gitaa, alitumia kwa miaka amplifaya ya transista iitwayo Lab Series L5. Na wapigaji wengi wa jazi wa Marekani walizipenda zile ndogo za Polytone, kampuni iliyoanzishwa na Tommy Gumina, mpiga kodiani, mtu aliyejua maana ya kubeba chombo chake mwenyewe.

Hata hivyo ile Roland nayo ilikuwa na uzito wa kilo ishirini na kitu. Masikio yangu yalikwisha ridhika. Mabega yalikuwa hayajapata kitu, wala hayakuwa na haraka, kwa sababu bado amplifaya zilikaa hotelini na sisi tuliziendea.

Yaliyotuhamisha katika hali ile hayakuwa ya muziki. Mwezi wa Agosti mwaka 1997 machafuko yalizuka Likoni, watu wakauawa, na wageni wakaikimbia pwani ya kusini. Hoteli zikapunguza watumishi, na waliotangulia kupunguzwa walikuwa wapiga muziki. Bendi za watu wanane au kumi zikawa za watu wawili na kinanda chenye ngoma ndani yake. Hoteli yetu ikauza vyombo vyake, na mimi, kwa akiba niliyokuwa nayo, nikainunua ile Twin Reverb niliyoizoea tangu ujana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamiliki sauti yangu, na furaha niliyoipata siku ile siwezi kuieleza.

Lakini riziki sasa ilikuwa harusini: leo Majengo, kesho Kisauni, juma lijalo Likoni au Ukunda, mara katika kikundi cha taarabu kilichokosa mpiga gitaa, mara katika dansi la vijana. Anayejua kivuko cha Likoni anajua ule mteremko wa kuingilia feri, na umati unaoushuka jioni kila mmoja akitaka kuwahi. Mtu mwenye mkoba hupita. Mwenye kilo 30 hana budi na mkokoteni, na mkokoteni una ujira wake kwenda na kurudi, na kurudi ni usiku wa manane, wakati ambao hamali huuza nguvu zake kwa bei aitakayo yeye, na ana haki. Zilikuwako harusi ambazo ujira wangu uligawanyika kati yangu na hamali kwa namna ambayo sikupenda kumweleza mke wangu. Zilikuwako nyingine nilizozikataa kabisa kwa sababu nyumba ilikuwa ghorofani. Sauti ilikuwa yangu, ila nilikuwa nimefungwa nayo mahali pamoja, sawa na ilivyokuwa ya hoteli.

Wakati huo huko ng'ambo mambo mawili yalikuwa yakikomaa. La kwanza ni kwamba mafundi walijifunza kuukatakata umeme wa ukutani mara nyingi mno kwa sekunde, elfu nyingi badala ya zile 50 zinazotoka katika mitambo ya taifa, na umeme uliokatwa hivyo hutosheka na transfoma ndogo ya kutia mfukoni. Kisha wakazifanya transista za mwisho ziwe ama zimefunguka kabisa ama zimefungika kabisa, zisikae katikati zikipoteza nguvu kwa joto, na mabamba mazito ya kupoozea yakawa hayana kazi. La pili ni sumaku za neodimiamu, zilizogunduliwa mapema katika miaka ya themanini, ambazo kwa nguvu ile ile huifanya spika ya inchi 12 iwe na kilo mbili hivi badala ya nne na zaidi.

Mpwa wangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai ndiye aliyeniletea amplifaya ya namna hiyo, pamoja na sanduku dogo la spika moja. Nilivuka nayo Likoni jioni ile ile ya kwanza, gitaa mgongoni, amplifaya katika mfuko wa gitaa, sanduku mkononi. Katika harusi niliyokwenda, mpiga fidla wa kikundi, mtu mzima niliyemheshimu, alinitazama nikifunga waya zangu.

"Bwana, vyombo vyako viko njiani?"

"Vimekwisha fika, sheikh. Ndivyo hivi."

Hakusema neno. Tulipomaliza wimbo wa pili alinigeukia akaniomba nipunguze sauti kidogo.

Usiku huo nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia. Umeme wa harusi za mitaani huvutwa kwa waya mrefu kutoka nyumba ya jirani, na pale taa zote, mapangaboi na vipaza sauti vinapowashwa pamoja, volti hushuka. Ile Twin Reverb ilipokutana na hali hiyo ilipungukiwa na pumzi, sauti ikalegea na kuzama. Hii ndogo, iliyotengenezwa ikubali umeme wa nchi yoyote, wa volti 100 kama wa Japani au 240 kama wetu, haikutambua kuwa kuna lililotokea. Taa juu ya vichwa vyetu zilififia, gitaa likabaki pale pale.

Nimepoteza nini? Sitasema kwamba sikupoteza kitu. Valvu ikipigwa kwa nguvu hurudi nyuma kidogo chini ya kidole, kisha huinuka, na mpigaji huhisi kwamba chombo kinamjibu. Jibu hilo silipati katika amplifaya yangu ya sasa, na katika wimbo wa taratibu, wenye nafasi pana kati ya noti, nalikumbuka. Twin Reverb ninayo bado nyumbani, na huiwasha mara kwa mara. Ila valvu zake sasa hutengenezwa katika viwanda vichache tu, vya Urusi, Slovakia na Uchina, na mwaka 2022 vita vilipovuruga biashara ya Urusi ziliadimika na kupanda bei duniani kote, hata seti moja ya 6L6 ikawa ni jambo la kulifanyia shauri nyumbani.

Dai langu lililobaki ni la matengenezo, nalo ni zito. Twin Reverb ilikuja na karatasi iliyogandishwa ndani ya sanduku, ikionyesha kila valvu na mahali pake, na fundi yeyote wa redio aliyesoma karatasi ile aliweza kuitengeneza chini ya mwembe. Mwenzangu mmoja amplifaya yake nyepesi ilipokufa, fundi hodari wa Mwembe Tayari aliifungua, akaona vipuri vidogo kuliko chembe za mchele, visivyo na alama wala ramani, akaifunga tena na kumrudishia pamoja na fedha zake. Ikapelekwa ng'ambo, na kwa muda wote huo yule bwana alirudi kuazima vyombo vya watu, akipiga pale walipotaka wao na kwa malipo waliyoyataka wao. Wanaotengeneza amplifaya hizi wanazo ramani zake. Nataka zichapishwe na kugandishwa ndani ya kifuniko, ndani paachwe nafasi ya vidole na chuma cha kulehemu, na vipuri viuzwe Mombasa, dukani, kwa bei ambayo mpiga harusi anaweza kuilipa.