Mali Ikishauzwa Hairudishwi

Likizo iliyopita mama alinipa vifaranga 30 niwatunze. Aliniambia kuwa wakikua na kuuzwa, fedha zao ndizo zitakazonunua viatu na madaftari yangu. Nilifurahi mno, nikajiona nimekwisha kuwa mfugaji kamili.

Basi siku ya Jumatatu nikashika njia kwenda mjini, katika duka moja liuzalo vyakula na vyombo vya mifugo. Nikanunua kilo 10 za chakula cha vifaranga kwa shilingi 15,000, na chombo cha kunyweshea maji kwa shilingi 4,000. Muuzaji alinipokea kwa bashasha, akaniita "mjomba", akanifungia mzigo wangu vizuri. Mimi sikufungua mfuko kutazama, wala sikudai risiti.

Nilipofika nyumbani nikafungua. Lo! Harufu ya ukungu ilinipiga puani, na chakula kilikuwa kimeshikana mabonge yenye rangi ya kijani. Nikatia maji katika kile chombo, yakavuja yote. Mama akasema, "Usiwape hata chembe. Kirudishe sasa hivi, mwanangu."

Nikakumbuka somo la Baiolojia. Mwalimu alitueleza kuwa mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walipochunguza, walikuta chanzo chake ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Sumu yake ndiyo tuiitayo sumukuvu, nayo humdhuru hata binadamu. Nikauona ukweli wa maneno ya mama, nikarudi mjini mbio.

Yule yule aliyeniita mjomba sasa hakunitazama usoni. Nilimwamkia, "Shikamoo," asiitikie. Akawauzia watu watatu waliokuja nyuma yangu, ndipo akaniuliza, "Wewe unataka nini tena?" Nikamweleza kwa adabu. Akanyosha kidole ukutani, palipobandikwa karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Hujui kusoma? Mnafundishwa nini huko shuleni?"

Nikasema chakula kimeharibika. Akajibu, "Risiti iko wapi?"

"Hukunipa."

"Basi hukununua hapa."

Watu wakacheka. Nikajitwika mzigo wangu nikatoka, machozi yakinilengalenga. Kile chakula tulikifukia shimoni, na mama akauza kanga zake mpya, doti nzima ambayo hajaivaa hata mara moja, ili vifaranga wapate kula. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Mwalimu wa Uraia alinifahamisha baadaye kuwa sheria ya mauzo ya bidhaa inamtaka muuzaji, akijua kazi ya kitu anachotakiwa kukiuza, auze kinachoifaa kazi hiyo. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Lakini mimi ningeshtaki kwa ushahidi gani? Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ningeweza kukomea hapa na kumlaumu yule bwana peke yake. Lakini muhula huu nimepangiwa zamu katika duka la shule. Juzi, saa ya mapumziko, foleni ikiwa ndefu, mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza alirudisha daftari lililopungua kurasa. Joto lilikuwa kali na wenzangu walikuwa wakipiga kelele. Nikajisikia nikimwambia, "Kwa nini hukulitazama kabla ya kuondoka?" Yule mtoto akainamisha kichwa. Hapo nikaona kwamba nilikuwa nasema kwa sauti ya yule yule muuzaji, na kwamba haikuchukua hata miezi miwili mimi kuisahau aibu yangu. Nikampa daftari jingine, nikamwomba radhi mbele ya wote.

Wasomaji wenzangu, mnunuapo kitu kifungueni papo hapo, mkadai na risiti. Nanyi mtakaokuja kukaa nyuma ya meza ya duka au ya ofisi, kumbukeni kuwa aliye mbele yenu huenda nyumbani kwake pana mama aliyeuza kanga. Muungwana ni kitendo.

Vifaranga 27 wamekua, na viatu nimevaa.