Nani Alimsomesha Pip?

Katika riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita Matarajio Makubwa, kuna sura inayowagawa wanafunzi wangu kila mwaka. Joe Gargery, mhunzi wa kijijini, amefunga safari hadi London kumtazama Pip, mdogo wa mkewe, aliyemlea tangu utotoni. Pip sasa ni bwana mdogo wa mjini, mwenye vyumba vya kupanga na mtumishi. Joe amevaa nguo za Jumapili zinazombana shingoni. Kofia yake hajui aiweke wapi. Kila akiituliza inaanguka. Na yule yule aliyekuwa akimkinga Pip na fimbo za dada mtu, sasa anamwita Pip "bwana".

Wanafunzi waliokulia mjini huicheka ile kofia. Waliotoka vijijini hawacheki, kwa kuwa jambo hilo wamekwisha kulishuhudia kwa lugha yao wenyewe.

Kwetu neno lenyewe ni "shikamoo". Mtoto wa Tura, kule Uyui mkoani Tabora, hufundishwa shikamoo kabla hajajua kuhesabu, na huambiwa kwamba njia yake ni moja tu: hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Kisha siku moja mtoto huyo humsindikiza babu yake ofisini, akamwona mzee mwenye mvi akivua kofia mlangoni na kumwamkia shikamoo karani wa umri wa mjukuu wake. Karani huitikia marahaba bila kuinua macho kwenye karatasi. Sijakutana na kitabu cha sosholojia kinachoeleza habari za matabaka kwa ufasaha kuliko marahaba ile.

Pip naye alijifunza alasiri moja. Alialikwa kucheza karata katika nyumba ya Miss Havisham, na msichana Estella akayacheka maneno yake, mikono yake iliyosugulika na viatu vyake vizito. Aliporudi nyumbani hakuna kilichobadilika: tanuri ni lile lile, Joe ni yule yule. Ila sasa Pip aliyatazama yote kwa macho ya Estella. Dickens aliyajua hayo. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 12, baba yake akiwa amefungwa kwa madeni katika gereza la Marshalsea, yeye alitumwa kiwandani kubandika lebo kwenye chupa za rangi ya viatu. Wasomaji wake hawakuambiwa jambo hilo mpaka alipokwisha kufariki mwaka 1870, rafiki yake John Forster alipoandika wasifu wake. Mtu aliyewatetea watoto maskini kwa kalamu maisha yake yote alishindwa kusema hadharani kwamba alikuwa mmoja wao.

Lakini aibu ya Pip imekwisha kujadiliwa sana. Swali ninalolipenda zaidi ni la fedha: nani alimlipia? Pip anaamini ni Miss Havisham, bibi tajiri wa nyumba kubwa. Kumbe ni Magwitch, mfungwa aliyepelekwa Australia, akachuma mali kwa kufuga kondoo na kuituma yote London ili kijana mmoja awe muungwana. Mikono laini ya Pip ilikuwa imelipiwa na mikono yenye sugu, na alipoambiwa ukweli huo, alishikwa na kinyaa kabla ya shukrani.

Riwaya hiyo ilitoka kwa mafungu ya kila wiki katika jarida la Dickens mwenyewe, tangu Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Mwezi Januari 1861, Waingereza wengine wakiwa wanayasoma mafungu hayo, msafara wa wenzao Speke na Grant ulimaliza kuvuka Mgunda Mkali, nyika kavu iliyoitenga Ugogo na Unyamwezi, ukaingia Tura, lango la mashariki la Unyamwezi, na kufika Kaze karibu na Tabora ya leo. Njia hiyo ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu kwenda pwani juu ya mabega ya wapagazi. Na pembe hizo, zilipofika Ulaya, ziligeuka vibao vya kinanda na mipini ya visu vya mezani. Dickens hakuandika neno juu ya Tura, wala sidai alipaswa kuandika. Ila mtu aliyekulia kando ya njia ile hawezi kuingia katika sebule za riwaya za zama hizo asiyawaze mabega. (Na tusisahau kwamba Pip mwenyewe, fedha zote zilipopotea, alikwenda kufanya kazi ya ukarani katika kampuni ya biashara mjini Kairo. Bwana mdogo aliishia barani kwetu.)

Sisi nasi tulijengewa kiwanda chetu cha waungwana. Mwaka 1925 serikali ya Mwingereza ilifungua shule Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu, wafundwe kutawala chini yake kwa mtindo wa shule za mabwana wa Uingereza. Julius Nyerere, mwana wa chifu wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937. Rashidi Kawawa naye alipita Tabora, na husimuliwa kwamba aliiacha nafasi ya Makerere ili apate mshahara wa kuwasomesha wadogo zake. Shule moja, basi, ilimpitisha mtu aliyekuwa na nafasi ya kuwa Pip akachagua kuwa Joe.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, kubwa likiwa kukatwa sehemu ya mshahara. Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye alitoa Elimu ya Kujitegemea, ambamo alilalamikia shule inayomfanya kijana amdharau mkulima anayemlipia. Wengi huisoma hati hiyo kama sera ya mashamba ya shule. Mimi huisoma kama barua ya mtu aliyesoma Tabora.

Nami sina budi kusema nililipiwa na nani. Nimesoma kwa asali. Nilipochaguliwa kwenda sekondari, kaka yangu, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, alibaki na mizinga ya baba katika miombo, na asali akaiuza stesheni ya Tura kwa abiria wa reli ya kati, treni ikisimama dakika chache, usiku au mchana. Alipokuja Dar es Salaam mara ya kwanza kunitazama kazini, amebeba dumu la lita tano, alisimama mlangoni pa ofisi akanitangulia: "Shikamoo, mwalimu." Kaka amenizidi miaka minane. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ni yangu kwako. Shikamoo." Akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akitazama ukumbini, kama mtu anayechelea kusikika.

Mhitimu aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Sina ugomvi na makato hayo. Fedha zile ni za umma na lazima zimfikie mwingine. Ninachokiona ni kwamba sheria inamtambua mdai mmoja tu. Yule aliyeacha daftari ili mwingine aendelee hayumo katika hati ya mshahara, naye hatamwandikia mtu barua ya kumdai. Joe alipopewa fedha ili amwachilie Pip, alizikataa, akisema hakuna fedha inayolipa pengo la mtoto. Pip alipougua, akiwa amefilisika, Joe alikuja kumuuguza, akamlipia deni la paundi 123 na ushee, kisha akaondoka alfajiri kabla hajaamka, ameacha barua fupi na stakabadhi.

Mwaka huu binti wa kaka anaomba mkopo wa chuo. Tulikaa naye kujaza maombi, tukafika mahali pa kazi ya mzazi. Akaniuliza kama aandike "mjasiriamali", kwani wenzake wameandika hivyo. Nikampigia baba yake simu, nikamwamkia, nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema aandike mrina asali.