Hati na Mkono

Mwenye seva moja huweza kuitunza kwa mkono. Mwenye mia hawezi. Kwa haja hiyo Mark Burgess, katika Chuo Kikuu cha Oslo, alianza mwaka 1993 kuunda programu ya CFEngine. Na mwaka 2005 Luke Kanies alitoa Puppet, jina lenye maana ya kikaragosi. Programu hizi hazingoji amri moja moja. Husoma hati inayoeleza hali itakiwayo, huikagua mashine, hurekebisha kilichopotoka, na kilichonyooka hukiacha.

Seva inayohifadhi tasnifu za wanafunzi wangu hutunzwa kwa Puppet. Katika juma la kutahiniwa kwao, tasnifu zilikataa kufunguka. Fundi kijana alisahihisha faili kwa mkono, zikafunguka. Nusu saa haikupita, zikafungika tena. Alidhani mtambo ni mkaidi. Kumbe ulikuwa mtiifu: Puppet, isipoelekezwa vingine, hukagua kila dakika 30, na hati ilikuwa bado inaamuru kosa lile lile.

Tuliisoma hati pamoja, tukaona imetaja kabati la faili la mashine ya zamani. Fundi hakuigusa sehemu inayotumiwa na seva zote. Aliandika tofauti ya seva yetu mahali pake, akaendesha jaribio lisilobadili kitu, ndipo akairuhusu itende. Tasnifu zilifunguka, na nusu saa ilipopita zilikuwa wazi bado.

Mtambo huu hautii nia ya mtu wala jasho lake. Hutii neno lililoandikwa. Atakaye tendo linyooke, na alinyooshe neno kwanza.