Chuma Ndani ya Maharage

Hapa Goma jembe hugonga mwamba. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake hata katikati ya mji, na Mei 2021 ukatukaribia tena. Basi, ndugu msomaji, karibu chakula chetu chote hutoka nje: viazi na maharage ya Masisi, ndizi za Rutshuru, sambaza wa ziwani. Hufika kwa lori, na mwisho wa safari kwa chukudu.

Maharage ndiyo nyama ya maskini. Lakini kushiba si kuwa na damu. Mtoto aweza kujaza tumbo kila siku, naye akizidi kupauka macho na kuchoka. Kwa hiyo wataalamu wa mbegu walitafuta maharage yenye chuma kingi. Hawakuyatia dawa yoyote: walichagua mbegu zenye chuma kwa asili yake, wakazioanisha na zile zizaazo sana. Kwetu Kongo kazi hiyo imefanywa na INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, pamoja na HarvestPlus.

Je, yafaa kweli? Huko Rwanda, jirani zetu, wasichana wa chuo kikuu waliopungukiwa chuma walilishwa maharage kwa siku 128. Wengine walipewa ya kawaida, yenye miligramu 50 hivi za chuma katika kilo moja, wengine mapya, yenye 86 hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: waliokula mapya damu yao iliongezeka kupita ya wenzao. (Tena, mama, usiteremshe maharage kwa chai nzito; chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Heri chungwa.)

Kazi hiyo naisifu. Lakini kuna jambo moja. Viazi vitamu vya manjano, alivyovishughulikia Robert Mwanga wa Uganda, kila mtu huvitambua kwa macho. Chuma hakionekani. Yakishamwagwa gunia moja sokoni, maharage ni maharage tu. Anayejua mbegu ipi ni ipi ni yule aliyeitunza, na mtunzaji huyo akikimbia, ujuzi wake hukimbia naye.

Jirani yangu mmoja ni mama wa Masisi. Kwao alilima maharage ya kupanda miti, ambayo huzaa mara mbili hata tatu kuliko yale mafupi, kwa mbegu alizopewa na mafundi wa kilimo. Mwaka 2023 vita vilimleta mjini, na kifurushi cha mbegu kichwani. Nilimwuliza kama anacho bado.

«Mwalimu,» akajibu, «mwezi wa pili nilikipika. Watoto walikuwa wanalia.»

Nani atamlaumu? Wenye kupima mavuno huhesabu magunia ya shambani. Chungu cha mbegu iliyopikwa sijaona kikiandikwa katika hesabu.

Ila hakupika zote. Viganja viwili alivifunga kwa kitambaa, akavificha hata watoto wasijue. Msimu huu amevipanda nyuma ya nyumba, katika udongo kidogo ulio kati ya mawe meusi. Hakuna ruhusa ya kuchuma hata ganda moja bichi. Chupa ya kuwekea mbegu na majivu tayari ipo dirishani, nami ameniahidi kiganja kimoja, nikimletea fito.